Nanjala Nyabola na deni la mwandishi wa teknolojia kwa Kiswahili

Jumamosi moja kijana wa bodaboda aliniletea mizigo kutoka Khayega hadi nyumbani hapa Shinyalu. Nilimlipa, lakini akabaki amesimama. Nilidhani nimempunja. Kumbe alikuwa na shida nyingine. "Mwalimu, hebu nisaidie hapa," akasema, akanipa simu yake.

Alikuwa akijaza fomu ya kuomba kazi katika tovuti fulani. Ukurasa wenyewe ulikuwa kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha mimi niliyezeeka nikiifundisha lugha hii. Chini kabisa palikuwa na tangazo kwamba tovuti hiyo hutumia vidakuzi, kisha vitufe viwili: Kubali vyote na Kataa vyote.

"Vidakuzi ndio nini?" akauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona kama ni wadudu."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikamweleza kwamba hizo ni faili ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya simu yako ili ikukumbuke ukirudi, na kwamba nyingine hutumiwa na kampuni za matangazo kufuatilia nyendo zako mtandaoni. Akanyamaza kidogo. "Sasa nikikubali, nimekubali nini hasa?"

Hapo, mpenzi msomaji, profesa mzima alikwama. Neno nilikuwa nalo. Maelezo ya kamusi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni habari: nani anafuatilia, anapata nini, na kijana huyu anapoteza nini. Hiyo si kazi ya mwanaisimu pekee. Ni kazi ya mwanahabari anayeandika kuhusu teknolojia. Ndipo nikaanza kujiuliza mwandishi wa aina hiyo yuko wapi katika Kiswahili, na swali hilo likanirudisha kwenye kazi za Nanjala Nyabola.

Nyabola hakuanzia katika chumba cha habari kama wengi tunavyodhani mwanahabari lazima aanze. Ni Mkenya aliyesomea Birmingham, kisha Oxford kama mfadhiliwa wa Rhodes, na baadaye Harvard, alikohitimu sheria. Jina lake lilijengwa na makala za uchambuzi katika vyombo vya habari vya kimataifa, halafu likapata mizizi mwaka 2018 alipochapisha kitabu *Digital Democracy, Analogue Politics* kupitia Zed Books ya London. Vilifuata *Travelling While Black* mwaka 2020 na *Strange and Difficult Times* mwaka 2022, ambacho ni tafakuri kuhusu janga la korona. Lakini kitabu cha 2018 ndicho kinachomweka miongoni mwa waandishi wa teknolojia, na ndicho ninachotaka tukipime kwanza.

Hata anwani ya kitabu hicho ina kisa chake cha lugha. Atakayekumbuka kampeni za mwaka 2013 atakumbuka kwamba Uhuru Kenyatta na William Ruto walijiita wa dijitali, nao wapinzani wao wakabandikwa jina la analogi. Maneno hayo mawili ya mafundi wa mitambo yakashuka mpaka sokoni. Hadi leo utamsikia mama muuza mboga akisema, "Mimi ni analogi, hizo simu zenu siziwezi." Nyabola aliyachukua maneno hayo ya majukwaani akayageuza kuwa hoja: kwamba nchi inaweza kuwa na uraia wa kidijitali huku siasa zake zikibaki zile zile za zamani, za ukabila, za fedha na za vitisho.

Ubora wa kitabu hicho ni kwamba hakiishangilii teknolojia. Siku hizo dunia nzima ilikuwa ikiisifu Nairobi kwa M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, na kwa Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi. Waandishi wengi waliokuja kutuandika walikuja na wimbo mmoja wa Afrika inayoruka hatua. Nyabola aliuliza maswali mengine. Nani anafaidi? Nini hutokea wanawake wanapopaza sauti mtandaoni? Kampuni kama Cambridge Analytica zilikuwa zikifanya nini katika chaguzi zetu? Alithubutu kuliita jambo hilo ukoloni wa kidijitali. Ajuaye namna sifa zinavyolevya ataelewa kwamba kuandika hivyo kulihitaji moyo.

Pamoja na hayo kitabu kina pengo, na sina budi kulitaja kwa kuwa uhakiki usiotaja pengo ni salamu tu. Watu wanaosimuliwa humo, hasa wale Wakenya wa Twitter waliowahi kuishambulia CNN mwaka 2015 ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi, huzungumza lugha tatu kwa pumzi moja: Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Kitabu kinawaeleza kwa lugha moja. Mtafiti wa London anakisoma na kuielewa Nairobi. Kijana wa bodaboda wa Shinyalu, ambaye kura yake na simu yake ndizo mada, hakimfikii. Mwandishi anaweza kumtetea mtu kwa lugha ambayo mtu huyo hawezi kuitumia kujitetea. Hilo ndilo deni ninalolizungumzia katika makala haya.

Kinachonifanya nimheshimu Nyabola ni kwamba deni hilo aliliona mwenyewe. Alipokuwa mtafiti mshiriki wa maabara ya jamii ya kiraia ya kidijitali katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliongoza mradi wa istilahi za Kiswahili za haki za kidijitali. Kazi ikawa kutafuta maneno ya Kiswahili ya dhana zinazotumiwa kila siku katika mijadala ya sheria na teknolojia, na matokeo yakatolewa kwa umma kwa njia ya kadi ambazo mtu anaweza kuzishika, kuzisoma na kufundishia. Mwandishi aliyekwisha kupata jina kwa Kiingereza akageuka nyuma kutafuta maneno. Wengi katika nafasi yake wangeendelea mbele wala wasigeuke.

Kwa nini maneno? Hebu tuitazame sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inasema ridhaa lazima iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu anayefahamu anachokiridhia. Zingatia sharti hilo la mwisho. Mtu hawezi kufahamu anachokiridhia ikiwa jambo lenyewe halina jina katika lugha anayofikiria kwayo, au lina jina analodhani ni la wadudu. Ukilitazama hivi, suala la istilahi linatoka katika semina zetu za lugha na kuingia mahakamani.

Neno lenyewe "data" lina mtego. Darasani tulizoea kulitafsiri kama takwimu. Lakini takwimu ni hesabu, na sura yangu au alama za vidole vyangu si hesabu. Kwa hiyo ni afadhali kulikopa neno data lilivyo. Sasa nenda kituo cha bodaboda ukaseme kuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Kule data ni ile inayonunuliwa kwa shilingi ishirini na kuisha kabla ya usiku. "Nimeishiwa na data" ni kilio cha kila siku. Kijana atadhani serikali hatimaye imetunga sheria ya kulinda bando zake zisiliwe na kampuni ya simu! Hilo si kosa lake. Neno moja limebeba maana mbili, na ile ya mtaani ndiyo yenye nguvu. Mwandishi makini hawezi kuandika "data" tu akapita. Atasema data binafsi, au habari zako, au kumbukumbu zinazokuhusu, na atarudia hivyo mpaka maana ya pili ipate makao.

Turudi kwa vidakuzi. Kiingereza huviita kwa jina la biskuti. Nani aogope biskuti? Jina hilo ni tamu, la kumtuliza mtoto. Kiswahili kimelitunga neno kutokana na kudakua, yaani kuchungulia mambo ya watu na kuyatoa nje, mzizi ule ule uliotupa udaku. Hakuna msomaji wa magazeti Afrika Mashariki asiyejua udaku. Kwa hiyo kidakuzi ni kitu kidogo kinachokufanyia udaku. Aliyelibuni neno hilo alifanya kazi ya uanahabari katika silabi nne: alifichua kile ambacho jina la Kiingereza lilikificha. Laiti ningemwambia kijana wangu hivyo badala ya kumpa maelezo ya faili, angeelewa kabla sijamaliza sentensi.

Lakini si kila neno letu linafichua. Tazama "wingu". Tunaambiwa picha zetu zimehifadhiwa kwenye wingu. Hii ni tafsiri ya moja kwa moja, na imebeba ulaghai wa asili yake. Wingu liko juu, si la mtu, na mvua yake humnyeshea tajiri na maskini. Ukweli ni kwamba picha zako ziko ndani ya jengo lenye mitambo, lenye umeme, lenye mlinzi mlangoni, lenye mwenyewe, katika nchi yenye sheria zake. Mwandishi anayeandika "wingu" bila kuuliza jengo liko wapi, ni la nani, na liko chini ya sheria za nchi gani, amekuwa mshenga wa kampuni bila kujua.

Na hii akili ya mashine inayozungumzwa kila mahali? Hapa Kenya tunasikia akili unde na akili bandia. Tanzania utasikia pia akili mnemba, neno ambalo huku kwetu wengi wanalijua kama jina la kisiwa kilicho kando ya Unguja. Wanafunzi wangu hugombana kuhusu lipi ni sahihi. Mimi huwaambia waulize kila neno linasema nini. "Bandia" linatuonya kwamba tusidanganyike, kama noti bandia. "Unde" linatukumbusha kwamba kitu hiki kimeundwa, na kilichoundwa kina muundaji anayeweza kuulizwa. Binafsi napendelea akili unde kwa sababu hiyo. Linamleta mtu mwenye dhima kwenye sentensi. Anayetaka "bandia" ana hoja pia, na mjadala huo ungefaa kufanyika mbele ya wasomaji, katika habari za kila siku.

Kuna jambo jingine linalonikera. Kiswahili hakijakosekana kabisa katika teknolojia. Kipo, tena kwa majina ya kupendeza: M-Pesa, Ushahidi, M-Shwari, Fuliza, Okoa Jahazi, Huduma Namba. Lakini tazama kimewekwa wapi. Kimewekwa mlangoni kama bawabu mwenye tabasamu. Ukishaingia ndani, kwenye kesi, kwenye ripoti na kwenye mijadala ya wataalamu, mara nyingi unakaribishwa na Kiingereza cha mawakili. Huduma Namba ilitangazwa mwaka 2019 kwa jina ambalo bibi yangu angelielewa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kadi zake zilitolewa bila kwanza kufanyika tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, ni wangapi kati ya waliopanga foleni kusajiliwa walielezwa uamuzi huo kwa lugha ile ile waliyoitiwa foleni?

Sasa nifike mahali ninapotofautiana na mradi wa Nyabola. Neno halikui kwenye kadi. Linakua katika sentensi, tena sentensi inayosemwa wakati jambo linatokea na watu wana hamu ya kujua. Nasema hivi kwa kujilaumu, maana sisi wa vyuo vikuu ndio wakosaji wakubwa. Tumeandaa orodha za istilahi miaka na miaka. Watoto wetu wamekariri tarakilishi, kipakatalishi, mdahalishi na rununu ili wapate alama, na wakitoka kwenye chumba cha mtihani wanasema kompyuta, laptopu, intaneti na simu. Hakuna aliyewakataza kutumia maneno yetu. Ni kwamba tuliwapa maneno bila kuwapa mahali pa kuyatumia. Hata kazi ya kupongezwa kama Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihitaji zaidi ya kamusi nzuri ili iishi. Ilihitaji watu wanaoizungumzia.

Linganisha na kandanda. Nani aliketi kwenye kamati kutufundisha kona, kipa, mkwaju wa penalti, mpira wa adhabu na kuotea? Maneno hayo, ya kukopa na ya kubuni, yalijengwa na watangazaji wa redio, kina Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Wiki baada ya wiki walikuwa na mechi, walikuwa na msikilizaji asiyeona uwanja, na iliwabidi wamwonyeshe kwa maneno. Neno lililofaa lilibaki. Lililogoma lilitupwa. Hapa Shinyalu watu wanapotoka kutazama fahali wakipigana, hata mtoto atakueleza hatua kwa hatua namna fahali alivyoshindwa, na hakuna profesa aliyemwandalia orodha.

Au chukua neno "seva". Kabla ya Agosti 2017 ni wangapi walilijua? Baada ya kesi ya urais iliyofika Mahakama ya Juu, na hasa baada ya mahakama kuufuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba, "fungua seva" ikawa kauli ya barabarani. Mwaka 2022 hata wazee wa mtaa walikuwa wakijadili Fomu 34A kama wanaojadili bei ya mahindi. Watu hujifunza istilahi ngumu sana, bwana, mradi wajue kuna kitu chao kimo ndani.

Kwa hiyo kinachohitajika ni mwandishi wa kila wiki. Mwandishi mwenye meza yake, mhariri wake na bajeti ya nauli, anayefuatilia teknolojia kwa Kiswahili kama mwenzake anavyofuatilia ligi. Tuwe wakweli: kurasa za teknolojia katika vyombo vyetu vya Kiswahili zikipatikana, mara nyingi hutuarifu simu gani mpya imetoka na kamera yake ina nguvu kiasi gani. Hiyo si habari ya teknolojia. Hilo ni tangazo lililosahau kulipiwa.

Mfano wa kazi iliyopotea ninao. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni katika jumba la KICC Nairobi ili mtambo wa umbo la mpira uwapige picha mboni za macho. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000. Mradi uliitwa Worldcoin. Tarehe 2 Agosti serikali ikausimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za mwili zifutwe, ikisema ridhaa iliyopatikana kwa kuwashawishi watu kwa malipo haikuwa halali, na kwamba tathmini ya athari haikufanywa.

Msomaji wa Kiingereza alipata makala nyingi kuhusu kisa hiki. Je, kwa Kiswahili kingeandikwaje? Mimi si mwanahabari, lakini hebu nijaribu:

"Kampuni hii inataka picha ya mboni ya jicho lako. Nenosiri likiibwa, unaweza kulibadilisha. Mboni ikiibwa, huna nyingine. Watakupa shilingi elfu saba mara moja, nao watabaki na mboni yako. Kabla hujasogea mbele kwenye foleni, uliza: picha hii itawekwa katika jengo gani, nani ataitazama, na nikibadili nia kesho, nani ataifuta?"

Hakuna neno gumu humo. Hakuna istilahi niliyoibuni. Hata hivyo maneno hayo machache yanabeba kiini cha yale ambayo mahakama ilikuja kuyasema karibu miaka miwili baadaye. Kama mtu mmoja kwenye foleni ile angeyasoma au kuyasikia redioni asubuhi hiyo, angekuwa na haki mkononi badala ya kuwa nayo kwenye Katiba tu. Huenda bado angeenda. Elfu saba si mchezo kwa mtu ambaye hajalipa kodi ya nyumba. Lakini angeenda akijua.

Kisa cha pili kinauma zaidi kwa sababu kilitendeka ndani ya lugha yetu. Februari 2022 mwandishi Billy Perrigo wa jarida la TIME alifichua hali ya wafanyakazi walioajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja maudhui ya Facebook. Januari 2023 akaripoti kwamba Wakenya walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili mtambo wa ChatGPT ufunzwe kuyatambua na kuyaepuka. Ni uandishi wa hali ya juu, na namvulia kofia. Lakini tafakari: ofisi zenyewe ziko Nairobi. Miongoni mwa lugha zilizokuwa zikichujwa kwa niaba ya Facebook ni Kiswahili. Kijana wetu alikuwa akisoma matusi na vitisho vya Kiswahili mchana kutwa ili wengine wasiyaone, na habari yake ikaandikwa na Mwingereza kwa Kiingereza katika jarida la Marekani. Kiswahili kilitosha kuwa taka ya kusafishwa. Kwa nini hakikutosha kuwa lugha ya kuripoti usafishaji huo?

Najua nitakachojibiwa. Wahariri wataniambia habari za teknolojia kwa Kiswahili haziuzi, kwamba anayejali mambo hayo anasoma Kiingereza. Siwezi kuupuuza ukweli wa gharama. Gazeti si kanisa. Lakini hoja hiyo inamchukulia msomaji wa Kiswahili kama mtu asiye na simu. Anayo. Ana mkopo kwenye simu hiyo, ana akiba ya chama, ana rekodi za hospitali, ana nambari za jamaa zake wote. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kampuni moja ya mikopo ya simu iliyotumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine. Waliopigiwa simu za kuaibishwa kwa deni la shemeji si wasomaji wa majarida ya Marekani. Ni hawa wetu. Niambie kwamba habari hiyo haina msomaji Shinyalu, nami nitakupeleka sokoni siku ya soko ukasikie.

Basi nimpimeje Nyabola kwa jumla? Nasema ni mwandishi aliyefanya mambo mawili ambayo kwa kawaida hufanywa na watu wawili tofauti. Aliuliza maswali magumu wakati wengine walikuwa wakipiga makofi. Kisha akatambua kwamba maswali hayo hayakuwa na maneno katika lugha ya wale yanaowahusu zaidi, akatafuta maneno. Hatua ya tatu bado, yaani kuyaandika maswali yenyewe kwa maneno hayo, wiki baada ya wiki, mpaka yazoeleke kama kona na kipa. Hatua hiyo si ya kumtwika yeye peke yake. Ni ya wahariri, ni ya wanafunzi wetu wa uanahabari na Kiswahili wanaohitimu kila mwaka wakidhani mlango uliobaki ni ualimu, na ni yetu sisi maprofesa tunaojua maneno mengi na habari chache.

Kijana wangu wa bodaboda alikuwa bado anasubiri. Nilimwambia anaweza kubonyeza Kataa vyote, ni haki yake. Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Na nikikataa, Mwalimu, hiyo fomu ya kazi itafunguka?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake hapa kama alivyoliuliza, kwa Kiswahili, nikiamini kuna mwandishi kijana atakayelisoma, afunge safari, aulize wenye tovuti, kisha atujibu kwa lugha hii hii.